Tezi za shingo na kwapa: mbona nazikosa?

tabibu_mbagala: Shikamooni wakuu. Nipo mafunzo kwa vitendo huku Mbagala. Napapasa tezi za limfu shingoni sipati kitu, daktari akirudia anazipata. Kwapani ndiyo kabisa. Mnapapasaje, na ukubwa gani ni wa kutilia shaka?

nesi_wa_zamu: Marahaba. Huenda unabonyeza mno. Tezi ndogo ukiikandamiza inazama. Tumia nyama za vidole vitatu vya kati, si ncha, uzungushe taratibu ngozi iende na vidole. Mgonjwa akae, simama nyuma yake, ainamishe kichwa kidogo kuelekea upande unaopima ili msuli ulegee. Anzia chini ya kidevu, fuata taya, mbele ya sikio, nyuma yake, kisogoni, kisha shuka mpaka juu ya mtulinga. Hapo mwambie avute pumzi ndefu, zilizojificha zinapanda. Shingo usiikandamize pande zote mbili kwa pamoja, mtu anaweza kuzimia.

Mzee wa Wodini: Ongeza hili: tezi unaweza kuisogeza juu-chini na kushoto-kulia. Msuli au mshipa wa damu hauendi pande zote mbili. Na lile donge laini chini ya taya, kulia na kushoto sawasawa, mara nyingi ni tezi ya mate tu.

Kwapa la kushoto pima kwa mkono wako wa kulia. Mkono wa mgonjwa ubebe wewe. Akiuinua mwenyewe misuli inakaza, ndiyo maana unakosa. Ingiza vidole juu kabisa, kisha shuka ukikandamiza kwenye mbavu.

Ukubwa: shingoni na kwapani, zaidi ya sentimita 1. Kinenani hata 1.5 huwa ya kawaida, hasa kwa wanaotembea peku. Juu ya mtulinga yoyote unayoigusa ifuatilie. Ya kushoto inaweza kuwa imetokana na saratani ya tumboni.

tabibu_mbagala: Asanteni. Na zikiwa zimeshikana na haziumi, nifikirie nini?

Mzee wa Wodini: Fikiria TB kwanza, na pima VVU. Ngumu isiyosogea, fikiria saratani. Yenye kunepa kama mpira, limfoma (saratani inayoanzia kwenye tezi zenyewe). Ila mguso peke yake hautoi jibu, mpe rufaa akachukuliwe chembe kwa sindano nyembamba. Tafadhali usiipasue kama jipu hata ikiwa laini: ya TB ukiichana inaacha kidonda kinachotoa usaha miezi. Wala usimwanzishie prednisolone (dawa ya steroidi) kabla ya majibu, inapunguza uvimbe na kuficha limfoma.