Wakuu, ni kweli Nashoni maana yake nyoka?

Bajaji_Zakhem:
Wakuu, habari za jioni. Mama watoto kajifungua wiki mbili zilizopita, dume. Tangu mimba changa nilishasema akiwa wa kiume ataitwa Nashoni, jina la marehemu babu yangu, mwinjilisti wa Mpwapwa. Juzi shemeji yangu mkubwa kaingia Google, karudi na habari kwamba Nashoni kwa Kiebrania ni nyoka. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kilosa kumwogesha mtoto, kagoma katakata: "Siwezi kubeba nyoka mgongoni." Na ubatizo ni Jumapili.

Nimefungua Biblia, Hesabu 1, nimemkuta Nashoni kati ya wakuu 12 waliosimama na Musa kuhesabu watu, yeye akiwa wa kabila la Yuda. Mtu kama huyo aitwe nyoka? Na wenzake je? Nipeni hoja, maana pale nyumbani siku hizi mimi ndiye mgeni.

Mpare_wa_Kimara:
Hongera mkuu. Shemeji hajadanganya, ila kasoma nusu. Nyoka kwao ni nahashi, na jina hilo limetoka hapohapo. Lakini Waebrania hawakuona haya kuitana majina ya wanyama. Debora ni nyuki, Yona ni njiwa, Rakeli ni kondoo jike, Kalebu wengi hulihusisha na mbwa. Songea si kuna akina Tembo, Nyoni na Komba? Nani amewahi kuwakimbia?

Utamu uko kwa wenzake. Sisi Wapare tuna akina Elirehema, Elihuruma, Elifuraha. Sasa tazama mkuu wa Reubeni: Elisuri, yaani Mungu wangu ni mwamba. Wa Zabuloni ni Eliabu, Mungu ni baba. Wa Efraimu ni Elishama, Mungu amesikia. Nethaneli, Mungu ametoa. Jina zima ni sentensi, kama kwetu kabisa. Mkuu wa Manase ni Gamalieli, na baba yake ni Pedasuri, "Mwamba amekomboa". (Baba yake Nethaneli ni Suari, maana yake mdogo. Labda alizaliwa njiti.)

Kitu kimoja kilinishtua nilipoyapanga: hakuna hata jina moja lenye "Ya" ya Yahwe, lile jina la Mungu, kama Isaya au Yeremia. Ni Eli, Suri na Shadai tu. Halafu soma Kutoka 6:3, pale Mungu anapomwambia Musa kwamba Ibrahimu alimjua kwa jina la Mungu Mwenyezi, yaani El Shadai, si kwa jina la Yahwe. Majina ya wakuu hawa yanakaa vizuri kabisa na maneno hayo.

Bibi_wa_Kwaya:
Mwanangu, hongera. Neno lenyewe la "mkuu" hapo ni nasi. Siyo "na sisi", ni aliyeinuliwa. Wingi wake nesiimu, na neno hilohilo kwenye Mithali 25:14 ni mawingu, yale ya upepo mtupu bila mvua. Wajumbe wa mtaa wangu wanajijua.

Nashoni wako ndiye aliyetangulia kutoa sadaka, Hesabu 7: sahani ya fedha shekeli 130, bakuli shekeli 70, kijiko cha dhahabu shekeli 10. Wenzake 11 wakaleta vilevile, kila mmoja siku yake, na Biblia inarudia yote bila kuruka hata kijiko. Niliwahi kupangiwa kuisoma kanisani. Nafika kwa Pagieli wa Asheri, sauti ya pili wote wamesinzia.

Wayahudi nao husimulia kwamba kule Bahari ya Shamu, walipotoka Misri, makabila yakisukumana nani atangulie, Nashoni ndiye aliyejitosa kabla maji hayajagawanyika. Dada yake, Elisheba, aliolewa na Haruni. Mfalme Daudi ni mzao wake. Msomee mama mkwe Ruthu 4:20 taratibu, usimbishie.

Bajaji_Zakhem:
Asanteni sana. Nimempa mama watoto simu akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye Kalebu sebule nzima kimya, maana ndilo jina la baba mkwe. Na shemeji mwenyewe ni Debora.

Mama mkwe kaenda kuepua uji wa mzazi, hajasema ndiyo wala hapana. Mchungaji anataka jina kesho saa nne.