Naombeni ushauri: tukisuluhisha ugomvi kwenye kundi letu, kesho unaanza upya

Mtunza Daftari
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la kufa na kuzikana. Tulisoma pamoja sekondari, tuko 187, wengi Tanga na Dar, wachache Muscat.

Mwenzetu alifiwa na mama yake, tukachanga kwa mtindo wetu: unanakili orodha, unajiongeza chini, unairudisha. Wawili wakanakili kwa pamoja, kila mmoja akajiandika namba 34. Waliofuata wakanakili ya mmoja, jina la mwenzake likapotea na elfu hamsini yake. Akaandika: "Mweka hazina, pesa yangu umeila?" Moto ukawaka.

Na utaratibu tulikuwa nao! Kamati ya watu watatu, malalamiko yaanzie huko. Nilipoutangaza wote waliweka dole gumba. Siku ya ugomvi hakuna aliyeikumbuka kamati. Nikamuunganisha mlalamikaji na mweka hazina kwenye simu, saa nne usiku wakasameheana. Asubuhi mmoja wa Muscat katoka zamu, kafungua meseji, kaijibu ile ya jana mchana. Tukarudi mwanzo. Mweka hazina amejitoa. Ametutunzia daftari miaka sita bila malipo. Naumia sana.

Mama Wawili
Pole kaka. Waligombana mbele ya watu 187, wakapatana mbele yako peke yako. Wengine wote waliuona ugomvi, suluhu hawakuiona. Mtaani jirani aliyesikia makelele atawaona kesho wakisalimiana dukani, atajua yameisha. Waombe waandike wenyewe humo, hata mistari miwili.

Kauzu wa Pongwe
Funga kundi waandike maadmini tu. Uwezo huo upo tangu 2018.

Mtunza Daftari
Nilifunga siku mbili mkuu. Wakaanzisha kundi jingine, skrini shoti zikahamia huko.

Mzee wa Baraza
Nilikuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Wajumbe saba, watatu wanawake, kazi yetu kupatanisha. Mtu alitembea kutoka kwake mpaka ofisini, njiani hasira inapungua. Akifika anamkuta mwenzake kwenye benchi lilelile, wanatazamana. Kwenu mwanangu, mtu anajibu hasira ikiwa bado ya moto, hauoni uso wa anayemuumiza, na pembeni watu wanatupia vikatuni vya kucheka. Wale wanaocheka ndio wanaotia kuni.

Jambo jingine: kamati hiyo nani aliichagua? Sisi tulipendekezwa na halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu ukatuthibitisha. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kwa hiyo mtu tukimwita, alikuja.

Mtunza Daftari
Shikamoo mzee. Niliichagua mimi.

Binti Chumbageni
Kwetu, kundi la wazazi wa darasa la tano, tuliacha kunakili. Mtu anamtumia mweka hazina ujumbe wa muamala, yeye peke yake anaweka orodha saa mbili usiku. Tangu hapo hakuna jina lililopotea.

Mtunza Daftari
Asanteni sana. Nimempigia mweka hazina, hapokei. Yule wa elfu hamsini amekubali, kesho baada ya alasiri tunaenda wote nyumbani kwa mweka hazina. Mweka hazina akituruhusu, huyu wa elfu hamsini ataandika ndani ya kundi tukiwa tumekaa hapohapo barazani. Nitaleta mrejesho.