Mjadala: Fedha za utangazaji wa umma zikikatwa, kwa nini muziki ndio hutangulia kuumia?

Mleta mada

Naileta hoja hii nikiomba ijadiliwe kwa uzito wake. Nchi nyingi zimepunguza fedha za redio na televisheni za umma katika miaka ya karibuni, na kila mara majibizano huishia kwenye taarifa ya habari: kama kituo kinaegemea upande fulani, kama watangazaji wake wanalipwa kupita kiasi, kama bado kinahitajika. Muziki hutajwa mwishoni, ukitajwa. Msimamo wangu ni kwamba muziki ndio unaoumia mapema na kupona kwa shida zaidi, na kwamba anayebeba hasara hiyo ni mtazamaji na msikilizaji ambaye hakuna aliyemuuliza chochote.

Tutazame kwanza jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya kituo. Fedha zinapopungua, gharama nyingi haziguswi kwa haraka: mitambo ya kurushia matangazo lazima iwake, taarifa ya habari lazima isomwe kila siku, na mikataba ya kuonesha michezo imekwisha kutiwa saini. Kinachobaki mikononi mwa wakuu wa kituo ni vile vitu ambavyo vikiondolewa leo, kesho asubuhi matangazo yataendelea kama kawaida. Tamasha lililopangwa kurekodiwa likifutwa, saa yake hujazwa na marudio. Kipindi cha wasanii chipukizi wa mkoa mmoja kikiunganishwa na vya mikoa mingine, muda wake hewani bado upo, ila nafasi za wasanii zimepungua. Mtazamaji hakuti skrini nyeusi. Anakuta kitu alichokwisha kukiona, na kwa kuwa hakuna anayemtangazia kwamba tamasha fulani halikurekodiwa, hawezi kulalamikia asichokijua. Ndiyo maana takwimu za utazamaji huchelewa kuionesha hasara hii.

Uingereza inatupa mfano wa wazi. Kuanzia 2022 ada ya leseni ya televisheni inayolipwa na kaya ili kuiendesha BBC ilizuiwa isipande, ikabaki pauni 159 kwa miaka 2, wakati mfumuko wa bei nchini humo ulipita asilimia 11 mwezi Oktoba 2022. Hakuna hati iliyoandikwa kwamba fedha zimekatwa, lakini thamani yake ilishuka mwezi baada ya mwezi. Machi 2023 BBC ikatangaza kuwa itaifunga BBC Singers, kwaya ya waimbaji wa kulipwa iliyoanzishwa 1924, na kwamba itapunguza nafasi za kudumu katika okestra zake za England kwa asilimia 20 hivi. Watu zaidi ya laki moja walitia saini kupinga, watunzi wakaandika barua, na katika mwezi huohuo uamuzi wa kuifunga kwaya ukasimamishwa. Ninawashukuru kwa dhati wote waliosimama kidete. Hata hivyo, kwaya hiyo ilikuwa na jina la karibu karne nzima la kuitetea. Katika kipindi hichohicho redio za mikoa za BBC zililazimika kugawana vipindi, na miongoni mwa vilivyounganishwa vilikuwamo vya BBC Introducing, mpango ulioanzishwa 2007 unaowaruhusu wasanii wasio na mkataba kutuma nyimbo zao zisikilizwe na pengine zipigwe hewani. George Ezra na Florence + the Machine walisikika mapema kwa njia hiyo. Msanii wa aina hiyo, ambaye bado hajulikani, hana jeshi la kutia saini kwa niaba yake.

Kuna jambo lingine ambalo naona linasahaulika zaidi. Kituo cha umma hakipigi muziki tu. Katika nchi nyingi kimekuwa mwajiri wa wanamuziki, mwagizaji wa tungo mpya, mrekodi na mhifadhi. Mwaka 1961 okestra ya kituo cha redio cha Südwestfunk, ikiongozwa na Hans Rosbaud, ilipiga kwa mara ya kwanza *Atmosphères* ya mtunzi György Ligeti kwenye tamasha la Donaueschingen, Ujerumani. Ni muziki usio na wimbo wa kuushika wala mapigo ya kuyafuata, na sidhani kama kulikuwa na mfanyabiashara ambaye angeugharimia. Miaka 7 baadaye Stanley Kubrick aliutumia katika filamu yake *2001: A Space Odyssey*, ukasikika na mamilioni ya watu wasiojua kwamba fedha za wasikilizaji wa redio ndizo zilizouwezesha kupigwa mara ya kwanza. Okestra hiyo iliunganishwa na ile ya Stuttgart mwaka 2016, kwa sababu ya kubana matumizi. BBC nayo ilikuwa na Radiophonic Workshop, karakana ya sauti iliyoanzishwa 1958, ambamo Delia Derbyshire aliutengeneza kwa kanda na vifaa vya maabara muziki wa kufungulia tamthilia ya televisheni *Doctor Who* mwaka 1963. Idara za BBC zilipotakiwa kujilipia zenyewe katika miaka ya 1990, karakana ile haikuweza, na ilifungwa 1998. Mizani ya kujilipia ilipima kila kitu isipokuwa kile ambacho karakana ile iliwekwa kukifanya, yaani kujaribu sauti ambazo hakuna aliyekuwa na haja nazo bado.

Naomba wanaounga mkono kupunguza fedha wanijibu hili moja: nani atalipia jaribio la kwanza?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hoja yako nimeisoma hadi mwisho na ninaiheshimu, lakini naona umeipa serikali lawama ambayo sehemu kubwa ni ya wakuu wa vituo wenyewe. Bunge linapopunguza fungu, halisemi kata kwaya. Anayeamua kwamba okestra itaondoka na vyeo vya ngazi ya juu vitabaki ni menejimenti. Mwaka 2014 shirika la utangazaji la Denmark, DR, liliamua kuifunga okestra yake ndogo iliyokuwapo tangu 1939, huku likiendelea kuwa na okestra kubwa, kwaya na jumba la tamasha ambalo gharama za kulijenga zilivuka sana makadirio. Ule ulikuwa uchaguzi wa watu waliokuwa na njia nyingine.

Na kilichofuata kinastahili kutajwa. Wanamuziki wa okestra ile hawakutawanyika. Wakiwa na mwongozaji wao Adam Fischer walichangisha fedha, wakajiendesha wenyewe, wakaendelea kupiga na kurekodi. Ugiriki nako, serikali iliizima ERT, shirika la utangazaji la umma, usiku wa 11 Juni 2013 na watumishi zaidi ya 2,500 wakapoteza kazi, lakini mwaka 2015 ERT ikarudi hewani. Kwa hiyo madai kwamba kilichokatwa hakirudi si ya kweli kila mahali.

Pia kuna suala la haki ambalo halipaswi kupitwa juujuu. Ada inayolipwa na kila kaya yenye televisheni ni mzigo mzito zaidi kwa mwenye kipato kidogo kuliko kwa tajiri, na kwa muda mrefu fedha hizo zimegharamia kwa wingi muziki wa okestra, ambao wanaoufuata mara nyingi wanaweza kujinunulia tiketi. Kijana asiye na uwezo, ambaye muziki wake hautajwi katika orodha za urithi, analipia starehe ya mwingine. Yeye anausikiliza muziki wake mtandaoni, anauchagua mwenyewe, na msanii anayempenda anapakia kazi yake bila kupita kwa mhariri yeyote. Sisemi vituo vya umma vifutwe. Nasema wenye kulipa wana haki ya kuuliza kwa nini ladha ya wachache imekuwa wajibu wa wote.

Mchangiaji wa pili

Nami niongeze jambo la Marekani, kwa kuwa linaonesha upande wa muziki ambao hauonekani kabisa kwa msikilizaji. Sheria ya 1967 iliyoianzisha CPB, shirika lililogawa fedha za serikali kuu kwa vituo vya umma zaidi ya 1,500, ilikuja kuweka asilimia 6 ya fungu kwa gharama za pamoja za vituo, mirabaha ya muziki ikiwa miongoni mwazo. Kwa maneno mengine, kituo kidogo chenye wafanyakazi wachache kiliweza kupiga rekodi kihalali bila kujadiliana chenyewe na wenye hakimiliki, kwa sababu CPB ilijadiliana na kulipa kwa niaba ya wote. Julai 2025 Bunge liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa kwa miaka 2, na tarehe 1 Agosti CPB ikatangaza kwamba inaanza kufunga shughuli zake. Mashirika ya hisani, yakiwamo Knight na MacArthur, yaliahidi karibu dola milioni 37 za dharura. Jambo jema sana, ila fungu la CPB lilikuwa dola milioni 535 kwa mwaka. Vituo vya miji mikubwa vina wachangiaji wenye uwezo. Kituo kama KYUK cha Bethel, Alaska, kinachotangaza kwa Kiingereza na kwa lugha ya Wayup'ik, kilikuwa kikitegemea fedha hizo kwa zaidi ya nusu ya bajeti yake.

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, kuhusu menejimenti nakubaliana nawe, na nadhani hapo ndipo penye ufumbuzi. Sheria zinazoanzisha vituo vya umma kwa kawaida hutaja elimu, habari na burudani kwa maneno mapana, na mkuu wa kituo anayebanwa anaweza kuondoa kurekodi muziki wote mpya na bado akadai ameitimiza sheria, maana anapiga nyimbo za zamani saa 24. Mfano alioutoa mchangiaji wa pili unaonesha kwamba inawezekana sheria kutenga kwa asilimia fungu ambalo muziki ni sehemu yake, kazi ya fungu hilo ikajulikana. Ningependa kuona sheria inayotenga sehemu maalumu kwa ajili ya kurekodi na kuagiza kazi mpya, na inayomlazimu mkuu wa kituo kutangaza hadharani, kabla ya kukata, ni matamasha mangapi hayatarekodiwa na ni vipindi vipi vitaunganishwa. Hapo mtazamaji atakuwa na cha kulalamikia.

Kuhusu Denmark na Ugiriki siafiki. Okestra ya Denmark iliokoka kwa sababu ilikuwa na miaka 75 ya sifa, na sifa hiyo ilijengwa kwa fedha za umma. Ilipotoka DR haikutoka na masafa ya redio: aliyekuwa akiisikia redioni nyumbani alipoteza mazoea hayo, na okestra yenyewe ikalazimika kuwategemea wafadhili. ERT ya Ugiriki nayo haikurudi hivihivi: watumishi wake walikataa kuondoka, wakaendelea kurusha matangazo kupitia intaneti kwa miezi kadhaa hadi polisi walipowatoa kwenye jengo Novemba 2013. Hivyo vyote ni vyombo vilivyokuwa vikubwa tayari. Nilichokisema ni kwamba kile ambacho hakijakua ndicho kisichorudi, kwa sababu hakijawahi kufika mahali pa kurudi.

Hoja yako ya haki imenigusa zaidi, na sitaijibu kwa wepesi. Ni kweli kwamba okestra zimepewa sehemu kubwa kupita idadi ya wasikilizaji wake. Lakini tazama nani hasa hukatwa: mwaka 2010 BBC ilipotaka kupunguza matumizi, moja ya redio ilizopendekeza kuzifunga ilikuwa Asian Network, ya Waingereza wenye asili ya Asia, pamoja na 6 Music yenye kupiga muziki usiopata nafasi kwenye redio za biashara. Zote mbili zilinusurika, baada ya wasikilizaji kupinga kwa nguvu. Ikiwa kupunguza fedha kungemwondolea tajiri starehe na kumwachia kijana maskini nafasi yake, ningekuunga mkono. Ninachokiona ni kwamba mkono wa kukata huanza kwa wasio na sauti katika bodi. Na majukwaa ya mtandaoni, pamoja na faida zake ambazo nazitumia kila siku, humpa msanii mahali pa kuuweka wimbo uliokwisha kurekodiwa. Hayamlipii studio, hayamkodishii fundi wa sauti, na hayamwahidi kwamba baada ya miaka 50 rekodi yake itakuwapo.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa, na kuhusu kuutaja muziki ndani ya sheria tuko pamoja. Ila umetaja uhifadhi, nami sitaki upite hivihivi. Vituo vya umma vimerekodi kwa miongo mingi kwa fedha za watu, lakini sehemu kubwa ya rekodi hizo haimfikii msikilizaji wa kawaida: nyingine zimefungwa na mikataba ya hakimiliki ya zamani, nyingine ziko kwenye kanda ambazo hazijahamishwa kidijitali, na nyingine zilifutwa ili kanda zitumike tena. Unamwomba mlipaji aendelee kugharamia rekodi mpya wakati zile alizokwisha kuzilipia hawezi kuzisikia.

Kwa hiyo sharti langu ni hili, na ningependa ulijibu wewe au mwingine yeyote anayezifahamu sheria za hakimiliki. Nitaunga mkono fungu maalumu la muziki, hata likiongeza ada, endapo kila mkataba mpya unaolipwa kutoka kwenye fungu hilo utampa mlipaji haki ya kuisikiliza rekodi husika bila malipo mengine na bila kikomo cha muda, huku msanii akiwa amelipwa kwa haki tangu mwanzo kwa matumizi hayo ya kudumu. Najua italifanya kila tamasha kuwa ghali zaidi, na huenda yakarekodiwa machache. Nipo tayari kwa machache yanayosikika.