Chuo cha jamii kikikataa mikopo ya serikali, kinamlinda mwanafunzi au kinamfungia mlango?

Mwanga wa Ziwa (mwanzisha mada)

Ndugu zangu mlioko Marekani, naomba tulijadili hili kwa hoja. Kuna vyuo vya jamii (community college) vinavyopokea ruzuku ya Pell, yaani fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini ambazo kwa kawaida hazirudishwi, lakini vimejitoa kabisa kwenye mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu. Mwanafunzi anajaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu), Pell inaingia, akiulizia mkopo anajibiwa kwamba chuo hiki hakitoi. Sheria inaruhusu. North Carolina, jimbo lenye vyuo vya jamii 58 na Wakongo wetu wengi kule Greensboro, ubishi huu baada ya 2010 ulifika hadi bunge la jimbo.

Pell ya juu kabisa kwa mwaka 2025/26 ni dola 7,395. Ada ya chuo cha jamii kwa mwaka, kwa wastani wa nchi nzima, ni kama dola 4,000. Anayepata Pell kamili anabakiwa na kama 3,400 za vitabu, nauli, chakula na kodi ya nyumba kwa miezi tisa. Hapo ndipo watu wanapotafuta mkopo.

Je, chuo kiwe na haki ya kusema hapana? Mimi naelekea kusema isiwe nayo, lakini nataka kwanza kuwasikia wanaojua upande wa pili.

Fundi Faili

Nitautetea upande huo, maana husemwa vibaya na watu wasiojua sheria inavyobana chuo.

Serikali inawahesabu wakopaji wa kila chuo walioanza kulipa katika mwaka fulani, kisha inaangalia wangapi wameshindwa kulipa ndani ya miaka mitatu ya bajeti. Kushindwa hapa maana yake ni siku 360 bila malipo. Kiwango kikifika asilimia 30 miaka mitatu mfululizo, chuo kinaweza kupoteza mikopo na Pell pia. Kikivuka 40 mwaka mmoja tu, mikopo inakatwa.

Sasa tuseme chuo kina wanafunzi 4,000 wa Pell na wakopaji 200. Wakopaji 60 wakikwama, kiwango ni asilimia 30. Watu 60 wanawaweka hatarini 4,000. Mkuu wa chuo cha kijijini akiiona hesabu hiyo, anachagua kuilinda Pell. Sioni ubaya wa moyo hapo.

Tena anayekwama zaidi si mwenye deni kubwa. Ni yule aliyekopa kidogo, chini ya dola 10,000, akaacha masomo kabla ya cheti. Hana kazi nzuri ya kulipia, na deni liko palepale. Akishindwa, serikali inaweza kukata hadi asilimia 15 ya mshahara wake na kuchukua marejesho yake ya kodi, na hapati tena Pell mpaka alisawazishe. Serikali ilianza kuurudisha ukusanyaji huo tarehe 5 Mei 2025 baada ya kusimama miaka mingi, ingawa Januari 2026 ilitangaza kuusitisha tena kwa muda.

Dada Hesabu

Kaka Fundi, hesabu yako ni sahihi ila umeiacha nusu. Sheria hiyohiyo inakipa chuo chenye wakopaji wachache haki ya kukata rufaa kwa hoja hiyohiyo ya uchache. Wanaangalia kiwango cha walioshindwa pamoja na sehemu ya wanafunzi wote waliokopa. Katika mfano wako, waliokopa hata kwa kuwahesabu wenye Pell peke yao ni mmoja kati ya ishirini. Chuo cha namna hiyo kikiandika rufaa yake vizuri, Pell haiguswi. Hatari ipo kwenye chuo ambacho wengi wanakopa na wengi wanashindwa. Mara nyingi si hivyo vinavyojitoa.

Halafu tazama kinachotokea mlango ukifungwa. Kodi ya nyumba haisubiri. Benki binafsi inataka mdhamini mwenye historia ya mikopo Marekani, na familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwaka juzi itampata wapi? Kinachobaki ni kadi ya benki, au mkopo wa kuweka gari rehani, au kuongeza zamu ghalani hadi masomo yaanguke. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza na chini yake, 2025/26, una riba ya asilimia 6.39 isiyobadilika. Hakuna kadi inayokaribia hapo.

Kijana wa Uvira

Shikamooni. Naomba ufafanuzi kidogo. Kuna watu wamechukua Pell tu, hawajakopa hata senti, na bado chuo kinawadai. Hilo deni linatoka wapi?

Fundi Faili

Marahaba mdogo wangu. Hilo ndilo deni kubwa la vyuo vya jamii, na linatokana na kuacha masomo katikati ya muhula.

Pell inalipwa mwanzoni lakini unaistahili siku kwa siku. Ukivuka asilimia 60 ya siku za muhula umeistahili yote. Ukiondoka kabla, hesabu inapigwa kwa siku za muhula zilizopita hadi ulipoondoka. Muhula uwe na siku 110, likizo ya siku tano au zaidi ikiwa imeshatolewa. Asilimia 60 ni siku ya 66, kwa hiyo usalama unaanza siku ya 67.

Mwanafunzi ana Pell ya dola 3,697 kwa muhula. Ada ni 2,000, chuo kinaikata, yeye anapewa baki 1,697 (Dar wangeliita bumu). Siku ya 33 anajitoa masomo yote. Hiyo ni asilimia 30, anastahili 1,109, na zinazorudi serikalini ni 2,588. Chuo kinarudisha asilimia 70 ya ada yake, yaani 1,400. Zilizobaki 1,188 zingekuwa juu ya mwanafunzi, lakini sheria inamsamehe kiasi kisichozidi nusu ya ruzuku, na nusu ya 3,697 ni zaidi ya 1,188, hivyo serikali haimdai kitu.

Ila chuo kimetoa 1,400 mfukoni mwake, na kama muda wake wa kurudisha ada umepita, bili inahamia kwa mwanafunzi. Akaunti inafungwa, hawezi kujisajili muhula ujao. Ndiyo hiyo bili uliyoisikia, na watu huiita mkopo ingawa sivyo.

Jingine: usitoweke. Ukipata F masomo yote na hakuna mwalimu anayeweza kuthibitisha kwamba ulihudhuria hadi mwisho, unahesabiwa uliondoka katikati ya muhula, asilimia 50. Kama umelemewa na masomo manne, ongea na ofisi ya msaada wa fedha KABLA ya kubonyeza kitufe cha kujitoa. Kubaki na somo moja hadi mwisho huepusha hesabu hii nzima.

Dada Hesabu

Umeona sasa? Mwanafunzi huyo hakukopa, na bado amebanwa. Kukataa mikopo hakukumlinda na deni la dola 1,400 linalodaiwa na chuo chenyewe. Deni hilo halina miezi sita ya kusubiri baada ya kuacha masomo wala mpango wa malipo unaofuata kipato, na chuo kinaweza kulipeleka kwa wakusanya madeni ndani ya miezi michache. Vyuo vinavyojivunia kwamba wanafunzi wao hawana mikopo vituambie ni wangapi akaunti zao zimefungwa kwa bili za aina hii.

Mwalimu wa Jioni

Niingie kwa upande wa Kiingereza, kwa sababu wengi wetu tunaanzia hapo.

Pell ina ukomo wa maisha: asilimia 600, sawa na mihula 12 ya kusoma krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 12 au zaidi. Ukitumia miaka miwili kamili kwenye madarasa ya Kiingereza yanayolipiwa na Pell, umekula 200. Zinabaki 400: miaka miwili ya stashahada na miwili ya kumalizia shahada. Hakuna muhula hata mmoja wa kuteleza. Madarasa ya Kiingereza ya elimu ya watu wazima ni ya bure katika miji mingi, mara nyingi ndani ya chuo hichohicho, jengo la pili. Nawasihi muanze huko mpaka mfike kiwango cha kuingia masomo yenye krediti. Najua washauri wengine hawakubali, wanasema ukiwa ndani ya programu unapata kasi. Ni kweli kwa aliyekaribia kiwango. Kwa anayeanza sifuri, anaichoma ruzuku ya shahada yake.

Pili, sharti la maendeleo ya masomo ili uendelee kupata Pell. Vyuo vingi vinadai wastani wa 2.0, kufaulu asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, na kumaliza kabla ya asilimia 150 ya urefu wa programu. Stashahada ya krediti 60 ina ukomo wa krediti 90 zilizojaribiwa. W (somo ulilojitoa) na F (ulilofeli) zinahesabiwa kama zilizojaribiwa. Ukijisajili 12 ukafaulu 6, uko kwenye 50 na onyo linakuja. Ukianguka muhula wa pili, Pell inasimama. Rufaa ipo: inataka sababu iliyo nje ya uwezo wako, hati ya kuithibitisha (barua ya hospitali, cheti cha kifo, notisi ya kufukuzwa nyumba), na maelezo ya nini kimebadilika sasa. Barua nyingi za rufaa huanguka kwenye hilo la mwisho. Mtu anaeleza msiba kurasa mbili, halafu haandiki jinsi muhula ujao utakavyokuwa tofauti.

Na hii fomu ya FAFSA ni ya bure, studentaid.gov. Anayekusaidia asiweke simu wala barua pepe yake kwenye akaunti yako. Namba za kuthibitisha zitakuwa zinakwenda kwake, na mwaka ujao hutaweza kuingia bila yeye. Kila anayetakiwa kuchangia taarifa, mzazi au mwenzi, lazima atoe ridhaa ya taarifa zake za kodi ya mapato kuvutwa, hata kama hakuwasilisha kodi. Bila ridhaa hiyo hakuna msaada wa serikali kuu hata dola moja.

Fundi Faili

Mwalimu, nakuunga mkono. Dada Hesabu, turudi kwenye hoja. Ukiufungua mlango, utamzuiaje mtu asichukue kiwango chote anachoonyeshwa? Mwanafunzi anayejitegemea, mwaka wa kwanza, anaweza kuandikiwa hadi 9,500. Akiiona namba kwenye skrini anabonyeza kukubali.

Dada Hesabu

Hapo ndipo kazi ya ofisi ilipo, na inafanyika kwa namba.

Katika hizo 9,500, ni 3,500 tu ambazo serikali inakulipia riba ukiwa chuoni. Zile 6,000 zinaanza kuzaa riba tangu siku zinapotolewa: kwa 6.39 ni kama dola 383 kwa mwaka, au 32 kwa mwezi, kabla hujamaliza hata somo moja. Kwa hiyo kubali fungu la kwanza, kataa la pili. Kwenye ukurasa wa chuo kila fungu lina kitufe chake, na unaweza pia kuandika kiasi kidogo kuliko kilichotolewa.

Makato ya mwanzo ni asilimia 1.057. Ukikopa 3,500 unapokea kama 3,463, kwa mafungu mawili. Anayekopa mara ya kwanza katika mwaka wa kwanza, katika baadhi ya vyuo, husubiri siku 30 tangu masomo yaanze, kwa hiyo usimwahidi mwenye nyumba kodi ya Septemba kwa fedha hiyo. Lazima uwe na krediti 6 au zaidi. Kuna mafunzo ya mkopaji mtandaoni na hati ya ahadi ya kulipa, vyote kwenye studentaid.gov. Ukijuta, rudisha ndani ya siku 120 na makato pamoja na riba ya kiasi hicho vinafutwa.

Kabla ya yote hayo, kama kipato cha familia kimeshuka, omba ofisi ipitie upya faili lako. Fomu ya 2026/27 inatazama taarifa za kodi ya mapato ya 2024. Aliyepunguzwa kazini 2025 anaonekana bado ana mshahara. Peleka barua ya kuachishwa kazi na hati za malipo ya sasa. Pell inaweza kupanda, na haja ya mkopo ikapungua.

Fundi Faili

Hayo yote nayakubali kama chuo kina mtu wa kukaa na mwanafunzi nusu saa. Ofisi yenye watu wawili kwa wanafunzi elfu tatu haina nusu saa hiyo. Ndiyo maana bado nasema chuo kidogo kiachiwe uamuzi. Ila nalegeza kamba sehemu moja: kuanzia 1 Julai 2026, sheria mpya inapunguza mkopo wa mwaka kwa anayesoma chini ya muda kamili, kulingana na krediti zake. Hofu yangu ya mtu wa krediti 6 kubeba 9,500 imepungua sana.

Mwanga wa Ziwa (mwanzisha mada)

Asanteni. Kaka Fundi hajanishawishi, lakini amenionyesha cha kuuliza. Bodi ya chuo cha umma hukaa vikao vya wazi, na vyuo vingi hutenga dakika chache za wananchi kuzungumza. Jiandikishe kabla, kwa kawaida mtandaoni au kwa katibu wa bodi. Walioko kwenye vyuo vilivyojitoa, pelekeni maswali haya: kiwango cha walioshindwa kulipa kilikuwa kipi mlipojitoa, na wakopaji walikuwa wangapi? Mlifikiria rufaa ya uchache? Wanafunzi wangapi wa Pell wana akaunti zilizofungwa kwa kudaiwa na chuo, na wastani wa deni ni kiasi gani? Msikubali jibu la kwamba kwa sasa kiwango ni sifuri. Malipo yalisimamishwa kuanzia Machi 2020 hadi 2023, hakuna aliyeweza kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Ombeni takwimu za kabla ya hapo, kwa maandishi.