Mjadala: Msimbo usomeke, au tuufinye uende kasi kwa sababu "nimepima"?

Mwanzisha mada, Ngara

Wenzangu mnaoandika JavaScript hapa Nairobi, kuna desturi naipinga. Kijana analeta kazi safi: ametumia map na filter (amri za kubadilisha na kuchuja vitu vya orodha), majina yanaeleweka, nia yake unaiona mara moja. Mkaguzi wa msimbo anamrudishia: "Geuza iwe kitanzi cha for (kinachopitia vitu kimoja kimoja), nimepima, for inashinda kwa kasi."

Umepima nini hasa? V8, injini iliyo ndani ya Chrome na Node, huanza kwa kuufasiri msimbo, kisha sehemu zinazorudiwa sana huzigeuza kuwa lugha ya mashine kwa kukisia aina ya data itakayopita. Ikiona matokeo ya hesabu hayatumiki popote, inaweza kuifuta hesabu yenyewe, nawe ukabaki unapima kitanzi kitupu. Na kama jaribio lako lilikuwa na nambari tupu ilhali data halisi imechanganya nambari, maneno na mapengo, kisio linavunjika na kasi uliyoiona inapotea. Kuna na saa yenyewe: baada ya Spectre, udhaifu wa usalama kwenye vichakataji, kutangazwa Januari 2018, vivinjari vilipunguza makusudi makali ya performance.now(), saa ya kupimia muda ndani ya msimbo. Kupima tendo dogo mara moja hakukupi kitu.

Waliotengeneza V8 walikuwa na kipimo chao, Octane. Mwaka 2017 walikistaafisha, kwa kuwa injini zilikuwa zinanolewa kwa ajili ya alama zake huku kurasa halisi zikifaidika kidogo tu.

Mchangiaji, Kasarani

Ndugu, kwa vipimo vidogo sikupingi. Ila "usomekaji" nao umekuwa kichaka cha kujifichia. Watu wetu wanatumia simu za bei nafuu, kumbukumbu ndogo, bando la kuhesabu. Nimekuta kisanduku cha kutafuta bidhaa ambacho kwa kila herufi kinapitisha orodha nzima kwenye filter, kisha map, kisha sort ya kupanga, na ndani ya map kuna find, inayotafuta kitu kimoja kwa kupitia orodha tangu mwanzo. Kwenye kompyuta ya ofisini kilipita vizuri. Kwa mwenye duka, herufi zilikuwa zinamfuata nyuma. Msimbo ulisomeka kama barua, na mteja akateseka.

Mwanzisha mada, Ngara

Mfano wako ndio kiini cha jambo, asante. Lakini tazama kosa liko wapi. Find ndani ya map, kwa orodha mbili za vitu 5,000, inaweza kufikia milinganisho milioni 25. Ukigeuza map iwe for na kuiacha find mahali pake, milinganisho ni ile ile. Jenga Map moja (yenye M kubwa: jedwali la kutafutia kitu moja kwa moja, si ile amri ya map) kwa nambari ya bidhaa, kisha uulize humo: hatua 10,000 hivi, na msimbo unasomeka vizuri zaidi kuliko mwanzo. Halafu subiri mtu atulie kuandika ndipo utafute. Hakuna hata kimoja hapo kinachotaka msimbo mchafu.

Na hayo hutayagundua kwa kushindanisha vitanzi. Unganisha simu ya aina ile anayotumia mteja na kompyuta kwa waya, washa kinasa utendaji cha Chrome, uandike kama yeye. Tangu Machi 2024 Google inatumia kipimo cha INP (Interaction to Next Paint) kupima jinsi ukurasa unavyoitikia mguso, na kiwango kizuri ni milisekunde 200 au chini. Hiyo ndiyo namba ya kugombania.

Mchangiaji, Rongai

Kaka zangu, mahali pa kuufinya msimbo papo: kuchora picha zinazosogea, kusoma faili kubwa. Sharti langu ni kwamba juu yake kuandikwe maelezo: ulipimwa kwa simu gani, toleo gani la kivinjari, tarehe gani. Injini hubadilika, na ujanja wa mwaka juzi huenda leo unachelewesha. Bila maelezo hayo, anayekuja nyuma anaogopa kuugusa.

Mwanzisha mada, Ngara

Nakubali, dada, na hilo sharti nalichukua. Basi niulize wakaguzi mliomo humu: mkimwambia kijana abadilishe msimbo unaosomeka kwa sababu ya kasi, mko tayari kumwekea hapo hapo rekodi mliyoinasa kwenye simu ya mteja? Asiye nayo, kwa maoni yangu, apitishe kazi ile.