Mjadala: Chumvi kwenye mashamba ya Dodoma itibiwe kwa mbegu zenye damu ya porini, au kwa maji na mifereji?

Mleta hoja:
Wadau, naileta mezani. Mzabibu huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikivuka 1.5 dS/m (kipimo cha chumvi kwa jinsi umeme unavyopita), na kila dS/m moja inayopanda hapo inakula karibu asilimia 10 ya mavuno. Mpunga huanza kwenye 3, kisha asilimia 12 kwa kila dS/m moja. Huku tuna visima virefu vyenye maji ya chumvichumvi, na Bahi, kwenye mpunga wetu, ni bonde lisilo na mlango: Mto Bubu unaingia, maji yanakaukia humo humo juani, chumvi inabaki. Nasema fedha ya umma iende kwanza kwenye kuzalisha mbegu kwa kutumia ndugu wa porini wa mazao yetu. Australia walitoa jeni ya kuzuia sodiamu kwenye ngano ya kale, *Triticum monococcum*, wakaiingiza kwenye ngano ya tambi. Mwaka 2012 walitangaza ongezeko la hadi asilimia 25 kwenye udongo wa chumvi. Na si GMO (mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara), ni kuvusha chavua.

Fundi wa Majaruba:
Mkuu, mfano wa ngano ni mzuri ila usitupeleke nao Bahi. Mpunga pori unaovumilia chumvi kwelikweli ni *Oryza coarctata* wa mwambao wa India na Bangladesh, unaotema chumvi kupitia vinyweleo vya majani. Una kromosomu 48, wetu 24. Ukiwavusha, kiinitete kinakufa tumboni mwa mbegu. Lazima kitolewe maabara kikiwa kichanga, na huo mmea unaopatikana kwa kawaida ni tasa. Mpunga pori wa hapa Afrika, *Oryza longistaminata*, una 24, lakini unakuja na mizizi ya kutambaa na punje zinazopukutika kabla ya kisu kufika. Nani wa Bahi atakushukuru kwa hilo?

Kabla ya kwenda porini kuna Pokkali, mpunga wa asili wa Kerala unaolimwa. Sehemu yake ya vinasaba inayosaidia kuvumilia chumvi, iitwayo Saltol, kwenye kromosomu ya 1, imeshajulikana. Unavusha na mbegu yetu, unarudisha kwa mzazi wetu mara tatu huku ukipima vinasaba kila kizazi, unafika karibu asilimia 94 ya mbegu ya nyumbani. Usiporudisha vya kutosha unabaki na mpunga mrefu unaolala na wenye punje nyekundu. Ila Saltol inalinda zaidi mche mchanga. Wakati wa kuchanua bado mpunga unaumia.

Mleta hoja:
Kwa hiyo unaniunga mkono nusu.

Fundi wa Majaruba:
Robo.

Dada wa Makutupora:
Mnabishana mpunga wakati zabibu jibu lipo tayari, na wala halihitaji kuvusha kitu. Damu ya porini inawekwa kwenye mizizi tu. Mashina ya chini, yaani yale yenye mizizi yanayobebeshwa zabibu nyingine juu, kama Ramsey, 1103 Paulsen na 140 Ruggeri yametokana na mizabibu pori ya Marekani, na yanazuia kloridi, sehemu ya chumvi, isipande majanini. Juu unabebesha Makutupora Nyekundu yako ile ile, mnunuzi anapata zabibu anayoijua.

Kazi yenyewe: pingili ya shina la chini iwe na unene wa penseli, urefu sentimita 30 hadi 40, na macho yote ya chini yatolewe kwa kisu, la sivyo machipukizi ya porini yatakunyonya kila msimu. Kikonyo, yaani kipande cha zabibu yako kinachobebeshwa juu, kiwe na jicho moja, ngozi ya ndani ikutane na ngozi ya ndani walau upande mmoja. Funga, weka penye unyevu na joto la nyuzi 24 hadi 28 kwa wiki mbili tatu mpaka kovu lizibe.

Panapoharibika zaidi ni wakati wa kupanda. Kiungo lazima kikae sentimita 10 au zaidi juu ya udongo. Mkifukia, kikonyo kinatoa mizizi yake chenyewe, chumvi inapita humo, na mtu anasema shina limeshindwa. Ramsey pia ni mbishi kuota mizizi, na ina nguvu mno: majani mengi, potasiamu nyingi kwenye juisi, asidi inashuka. Kwa mvinyo ningeanza na Paulsen.

Mpima Maji:
Shikamoo dada, lakini mche hauondoi chumvi shambani. Maji ya 1.5 dS/m yana karibu gramu 960 za chumvi kwa kila lita 1,000. Mwagilia milimita 500 kwa msimu, ekari moja imepokea zaidi ya kilo 1,900. Ukitaka udongo usipite 2.5 dS/m, karibu asilimia 14 ya maji unayomwaga lazima ipite chini ya mizizi, na iwe na pa kwenda. Kwenye mchanga mwekundu mvua za Desemba hadi Aprili zinasaidia. Kwenye mbuga nyeusi, udongo mzito wa mfinyanzi, bila mfereji wa kutoa maji, hakuna.

Wenye umwagiliaji wa matone: chumvi hujikusanya pembeni ya duara la unyevu. Mvua ndogo ya kwanza inaisukuma kwenye mizizi, kwa hiyo siku hiyo msizime bomba.

Halafu tofautisheni chumvi na magadi, yaani sodiamu nyingi inayoziba udongo. Tumbukiza bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Maji yakichafuka kama maziwa, hayo ni magadi. Hapo ni jasi, na ya Itigi haiko mbali. Shina la Marekani halifungui udongo ulioziba.

Dada wa Makutupora:
Marahaba. Sikubishii kwenye mbuga. Huko mzabibu usipandwe kabisa, pandeni mtama, wenyewe unavumilia hadi 6.8 dS/m. Ninachotaka kilipiwe ni kitalu cha mashina mama kilichopimwa virusi, kwa sababu kubebesha kikonyo chenye virusi vya kukunja majani ni kuusambaza ugonjwa kwa mikono. Na pingili za nje zipite kwenye kibali na karantini, asije mtu kuzileta kwenye begi.

Mleta hoja:
Basi narekebisha hoja: zabibu kitalu cha mashina, mpunga Saltol, pori baadaye. Mifereji sijaikubali, maana anayelipa kuisafisha kila mwaka hajatajwa na yeyote hapa.

Mpima Maji:
Watumiaji wa skimu, kwa ada ya maji. Taja kiasi tubishane.