Mdogo wangu alizaa kwa upasuaji Kongo: je, anaweza kujifungulia nyumbani hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda?

Dada wa Nakivale:
Habari zenu, akina mama na wakunga mliomo humu. Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji Kivu Kaskazini mwaka 2021, na karatasi za hospitali zilibaki nyumbani siku tuliyokimbia. Kliniki amekwenda mara moja tu. Muuguzi alizungumza Kinyankore, yeye akawa anaitikia kwa kichwa mambo asiyoyaelewa, wala hakuutaja ule upasuaji, akihofia kupasuliwa tena. Sasa anataka kuzalishwa na bibi mmoja wa kwetu tunayemwamini. Nimshauri nini?

Mkunga, Isingiro:
Pole, dada, na umefanya vyema kuuliza mapema. Namheshimu huyo bibi, lakini mwenye kovu la upasuaji asizalie nyumbani. Uchungu unapokaza, kovu lililo kwenye mji wa mimba linaweza kuachia, damu ikamwagika tumboni bila mtu kuiona, na hapo kinachohitajika ni chumba cha upasuaji kilicho karibu. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kina wodi ya wazazi, ila chumba hicho kwa kawaida huanzia ngazi ya nne. Kwa hiyo aombe rufaa sasa, asingoje usiku wa uchungu, maana barabara zetu wakati wa mvua mnazijua.

Mwondoe hofu pia: wengi waliowahi kupasuliwa huzaa kwa njia ya kawaida. Uamuzi hutegemea sababu ya upasuaji wa kwanza na jinsi mji wa mimba ulivyokatwa, na kovu la ngozi halionyeshi hilo. Kwa kuwa karatasi hazipo, kumbukumbu yake ndiyo faili. Alikaa na uchungu muda gani? Mtoto alikuwa amekaa vibaya? Alitokwa damu?

Mama Mkalimani:
Mimi ni Mkongomani, nami hufuatana na akina mama kliniki ili kuwatafsiria. Aseme waziwazi kwamba haelewi lugha, kisha aombe mtu wa Kiswahili. Katika timu za afya za kijiji wamo wakimbizi wenzetu. Muombeni mkunga aandike juu kabisa ya kadi yake kwamba alipasuliwa 2021, ili hata akifika hoi asiweze kusema, kadi imsemee. Na bibi msimwache: aende naye, amshike mgongo, kwa sababu nadhani anachokihofia mdogo wako zaidi ya kisu ni kuzaa peke yake kati ya wageni.

Dada wa Nakivale:
Asanteni sana. Amekumbuka kwamba alikaa na uchungu siku mbili kabla ya kupasuliwa. Bibi amekubali kufuatana nasi kliniki kesho.

Mkunga, Isingiro:
Hizo siku mbili zitajeni kabla ya jambo lingine lolote. Na akiona damu, au akisikia maumivu penye kovu, aondoke saa hiyo hiyo, hata kama tarehe yake bado.